Treni ya Usiku Isiyo na Daraja la Tatu

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu mmoja, kijana wa uhandisi anayehudhuria mihadhara yangu kwa sababu ratiba ya chuo imemlazimu, aliingia ofisini mwangu akiwa amebeba kasha la viatu. Ndani yake mlikuwa na behewa la treni lenye urefu wa shibiri moja, lililokatwa kwa plastiki na kupakwa rangi kwa uangalifu mkubwa. Madirisha yalikuwa na vioo. Kwenye meza zilizokuwa ndani kulikuwa na vitambaa vyeupe, kila kimoja kidogo kuliko ukucha.

"Mwalimu," akaniambia, "behewa la chakula nimelimaliza. La daraja la kwanza nimelimaliza. Nimekwama kwenye daraja la tatu."

Kijana huyu anaunda mfano mdogo wa treni ya usiku iliyokuwa ikisafiri kati ya Nairobi na Mombasa, ile ambayo wengi wetu tuliipanda na ambayo ilifikia kikomo mwaka 2017. Alinieleza kwamba picha za behewa la chakula ni tele. Watalii walipiga picha visu na uma, mhudumu aliyevaa koti jeupe akipita ushorobani akigonga kengele yake ndogo mithili ya marimba kuwaita abiria mezani, na vitanda vilivyotandikwa wakati abiria wakila. Lakini ndani ya daraja la tatu hakupata picha ya maana. Viti vilipangwaje? Mizigo iliwekwa wapi? Taa ziliwaka usiku kucha au zilizimwa? Marafiki zake wamemshauri asijisumbue: aliweke behewa hilo nyuma ya treni, madirisha ayatie rangi nyeusi, na hakuna atakayeuliza.

Ndugu msomaji, nimelitafakari jambo hili kwa majuma kadhaa, na naomba uvumilivu wako nikueleze kwa nini naliona kuwa swali la siasa, si la mchezo wa watoto.

Tuanze na mchezo wenyewe, maana si wengi miongoni mwetu wanaoufahamu. Ujenzi wa reli za mfano ni burudani ya watu wazima, hasa Ulaya, Marekani na Japani. Skeli inayotumiwa zaidi duniani ni ya 1 kwa 87, yaani kila kitu hupunguzwa mara 87. Mtu wa kimo cha kawaida huwa na urefu wa sentimita mbili hivi. Behewa la mita 18 huwa la sentimita 21. Reli yetu ya zamani, ambayo Waingereza waliianza Mombasa mwaka 1896 na kuifikisha Nairobi mwaka 1899, ilijengwa kwa upana wa mita moja kwa kuwa vifaa vyake vingi vilitoka India. Ukiugawa upana huo kwa 87 utapata takriban milimita 12. Reli za kuchezea za upana huo zinapatikana madukani, lakini zimetengenezewa wapenzi wa treni za milima ya Uswisi. Kwa hiyo anayetaka kuirudisha treni ya Voi na Makindu hana budi kuanza kwa kununua reli ya Uswisi.

Hesabu nyingine inafunza zaidi. Safari ya kilomita 530 hivi kutoka Nairobi hadi Mombasa, ikipunguzwa mara 87, ingehitaji kilomita sita za reli. Na kwa kuwa Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, stesheni ya Nairobi ingepaswa kukaa juu ya jengo la ghorofa sita, na ile ya Mombasa chini sakafuni. Hakuna mwenye chumba cha namna hiyo. Meza ya mita tatu inabeba mita 261 tu za dunia halisi: stesheni moja, mti wa kivuli, pengine daraja dogo. Hivyo kila anayeunda mfano analazimika kuchagua, na kila anapochagua cha kuonyesha huwa amechagua pia cha kuficha. Sisi tunaofundisha historia tunafanya kazi hiyo hiyo, tofauti ni kwamba makosa yetu tunaweza kuyafunika kwa maneno. Fundi wa mifano hana maneno. Kiti kipo au hakipo.

Uchaguzi wa kwanza ni mwaka. Mwanafunzi wangu alianza kwa kutamani garimoshi kubwa la mvuke liitwalo Mount Gelai, nambari 5918, ambalo bado limesimama katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi. Ni moja kati ya magarimoshi 34 ya daraja la 59 yaliyoundwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester katikati ya miaka ya 1950, yakapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kila moja lilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 250. Hapakuwa na magarimoshi ya mvuke yenye nguvu kuyashinda katika njia ya mita moja popote duniani. Lakini yaliundwa hasa kwa ajili ya mizigo mizito ya kupanda kutoka bandarini, na kufikia mwaka 1980 yalikuwa yamestaafishwa. Ukilifunga Mount Gelai mbele ya mabehewa yenye nembo ya Shirika la Reli la Kenya ya miaka ya 1990, utapata treni ya kupendeza ambayo haikuwahi kuwepo. Nikamwambia: hilo ndilo kosa wanalolifanya wanasiasa wetu kila Siku ya Madaraka. Wanachukua utukufu wa mwaka huu, uchungu wa mwaka ule, na ahadi ya mwaka ujao, wanaviunganisha kuwa treni moja, kisha wanatuomba tupande.

Basi achague mwaka. Akichagua 1955, ataunda treni ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Daraja la kwanza ni la Wazungu, la pili ni la Wahindi, la tatu ni la Waafrika. Wengi waliosafiri enzi hizo hawakuhitaji kuambiwa wapande behewa gani. Wakikuyu, Waembu na Wameru walihitaji vibali ili kusafiri katika nchi yao wenyewe. Treni ya mwaka huo haitimii bila askari anayekagua karatasi.

Akichagua mwishoni mwa miaka ya 1960, ataunda treni ya nchi tatu. Reli ilikuwa moja kwa Kenya, Uganda na Tanzania, na fundi aliyefunzwa Nairobi angeweza kupelekwa Tabora au Kampala. Shirika hilo lilisambaratika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Ubaguzi wa rangi ulikuwa umeondoka, lakini madaraja matatu yalibaki. Rangi ya ngozi iliacha kuulizwa, pesa zikaulizwa mahali pake, na kwa kiasi kikubwa watu wale wale wakajikuta wameketi katika viti vile vile. Kama kuna somo la uhuru wetu linaloweza kufundishwa kwa plastiki na gundi, ni hili.

Akichagua 1993, atakuwa na mzigo mwingine. Mwishoni mwa Januari mwaka huo treni ya usiku ilitumbukia katika mto Ngai Ndethya, karibu na Mtito Andei, baada ya daraja kusombwa na mafuriko, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Je, daraja hilo litakuwepo mezani? Na akichagua 2016, ataunda treni iliyochakaa chini ya kampuni binafsi iliyopewa reli mwaka 2006 kwa mkataba wa miaka 25, mkataba ambao ulivunjwa hata nusu ya muda wake haijafika. Treni hiyo ilipaswa kuondoka saa moja jioni na kufika saa mbili asubuhi, lakini aliyewahi kuipanda anajua kwamba mara nyingi adhuhuri ilimkuta bado nyikani. Kuchelewa nako ni historia. Treni ya mfano inayokwenda kwa wakati kila siku ni taarifa rasmi ya serikali.

Huenda msomaji akasema kwamba natia siasa pasipo na siasa. Nampeleka Marekani, ambako burudani hii imekomaa. Treni ya usiku inayopendwa sana na wajenzi wa mifano kule ni 20th Century Limited, iliyosafiri kati ya New York na Chicago kuanzia 1902 hadi 1967. Ilikuwa maarufu kwa zulia jekundu lililotandikwa kwenye jukwaa ili abiria wapite juu yake. Umbo la kila behewa, rangi zake na mpangilio wa vyumba vyake limeandikiwa vitabu. Lakini waliotandika vitanda katika treni za usiku za nchi hiyo walikuwa kwa sehemu kubwa Wamarekani weusi, wahudumu wa kampuni ya Pullman, ambao abiria wengi hawakujali hata kuwauliza majina. Waliwaita wote George, kwa jina la mwenye kampuni, George Pullman. Wahudumu hao waliunda chama chao mwaka 1925 chini ya uongozi wa A. Philip Randolph, wakapambana miaka 12 kabla ya kupata mkataba wao mwaka 1937, na chama hicho kikawa shule ya harakati za haki za kiraia. Unaweza kuunda mfano sahihi wa treni ile hadi msumari wa mwisho na usimtaje hata mmoja wao. Msumari utakuwa sahihi, na treni itakuwa ya uongo.

Sasa turudi nyumbani, kwenye kasha la viatu. Kwa nini daraja la tatu halina picha? Jibu jepesi ni kwamba maskini hawakuwa na kamera. Jibu hilo ni kweli, lakini halitoshi. Reli ilikuwa asasi ya makaratasi. Kila behewa lilikuwa na mchoro, na kila safari ilikuwa na ratiba, orodha ya wafanyakazi na hesabu ya tikiti. Daraja la tatu lilichorwa na mtu fulani, katika ofisi fulani, na ndilo lililobeba watu wengi. Ikiwa leo mwanafunzi hawezi kuupata mchoro huo kwa urahisi, si kwa sababu haukuwahi kuandikwa. Ni kwa sababu hatukuona kwamba ulistahili kutunzwa mahali ambapo raia anaweza kuufikia.

Linganisha na kumbukumbu za kampuni ya Beyer, Peacock, iliyounda Mount Gelai. Kampuni ilifunga milango yake katika miaka ya 1960, lakini hifadhi ya nyaraka zake imo katika makumbusho ya sayansi na viwanda ya Manchester, nayo inatunzwa kwa ajili ya watafiti. Kwa hiyo kijana wa Nairobi anayetaka kujua jinsi lilivyoundwa garimoshi lililobeba jina la mlima wa Afrika Mashariki, anaelekezwa Uingereza. Siwalaumu Waingereza kwa kutunza chao. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, nasi tukauacha mbachao uoze, kisha tukashangaa tulipokosa pa kuketi.

Wala tabia hii haikuzikwa pamoja na treni ya zamani. Reli mpya ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017 kwa mkopo mkubwa kutoka benki ya Exim ya China. Wananchi waliokuwa wakiulipa mkopo huo walidai kuiona mikataba, wanaharakati wakafika hadi mahakamani, na ilikuwa Novemba 2022 ndipo Waziri wa Uchukuzi alipoweka sehemu ya mikataba hiyo hadharani. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ipo tangu 2016. Mchoro wa behewa la daraja la tatu na mkataba wa mabilioni ni karatasi za uzito tofauti, lakini kufuli ni moja. Nchi iliyozoea kumnyima mwanafunzi karatasi isiyo na madhara kwa yeyote, itampaje raia karatasi inayomtia mtu kiwewe?

Kuna hoja mbili za kupinga ambazo sina budi kuzijibu. Ya kwanza ni kwamba kuilia treni ya usiku ni kuwalilia wakoloni. Hoja hii ina nguvu. Ipo kumbukumbu ya reli yetu inayouzwa kwa wageni ikiwa na simba wa Tsavo, glasi za mvinyo na machweo, lakini isiyo na vibarua wapatao 2,500 waliotolewa India na kufia kazini. Lakini dawa ya kumbukumbu pungufu ni kumbukumbu kamili, si usahaulifu. Tukiiacha kazi ya kuirudisha treni hii kwa wenye kuitamani tu, watatuletea behewa la chakula na kutuambia kwamba hiyo ndiyo ilikuwa safari yetu.

Hoja ya pili ni kwamba treni mpya ni bora, kwa nini tuhangaike na kuukuu? Ni kweli kwamba saa tano ni bora kuliko saa kumi na tatu, nami huipanda treni hiyo kwa furaha. Hata hivyo, kipya kinyemi ingawa kidonda. Stesheni zake kuu ziko Syokimau na Miritini, nje ya miji, na msafiri hulipa nauli nyingine ili afike mjini. Sultan Hamud, Makindu na Mackinnon Road hazimo katika orodha ya vituo vyake vya abiria. Mama aliyeuza mayai ya kuchemsha na chai usiku wa manane kando ya treni hakuhesabiwa katika upembuzi wowote niliousoma. Mfano mdogo wa stesheni ya mwaka 1990, ukiundwa kwa uaminifu, ungemweka mama huyo mezani pamoja na taa yake ya kandili, na afisa wa mipango angelazimika kuuliza alikwenda wapi.

Nilimpeleka mwanafunzi wangu kwa mzee mmoja aliyestaafu reli. Alitupokea vizuri, akalipokea behewa la chakula kwa mikono miwili, akaligeuza, akacheka. Kisha kijana akamuuliza: "Mzee, daraja la tatu lilikuwaje?" Mzee akanyamaza kidogo. "Kijana wangu," akasema, "andika kwanza kwamba watu hawakulala." Akatueleza mama walivyowalaza watoto chini ya viti juu ya kanga, wanaume walivyokaa juu ya magunia penye mlango, na jinsi mtu alivyojua kwamba amefika pwani kabla ya kuona chochote, kwa sababu abiria waliofungua madirisha waliingiza joto la Mazeras. Aliomba kalamu, akachora mpangilio wa viti nyuma ya bahasha ya bili ya maji. Dakika arubaini za mazungumzo zilitupa kile ambacho miezi mitano ya kutafuta haikuwa imetupa. Penye wazee haliharibiki neno, lakini wazee hawa wanatuacha mmoja mmoja.

Kwa sababu hiyo nina maombi matatu. Kwenu wanafunzi: kila mmoja wenu ana jamaa aliyesafiri au aliyefanya kazi katika treni ile. Nendeni na daftari kabla ya msimu wa mitihani. Ulizeni mambo madogo, kwa maana makubwa yamekwisha kuandikwa. Kwenu wanaharakati: dai la kufunguliwa kwa nyaraka za zamani lisitenganishwe na dai la kufunguliwa kwa mikataba mipya. Anayejifunza kudai mchoro wa kiti atakuwa amejifunza kudai hesabu za mkopo. Na kwenu watumishi wa umma, ambao najua mnasoma hapa ingawa hamwandiki maoni: miongoni mwenu wapo wenye funguo za vyumba vyenye michoro hiyo. Iorodhesheni, ipigeni picha, muiweke mahali pa umma kabla mchwa hawajamaliza kazi yao. Makumbusho ya Reli, yaliyoanzishwa mwaka 1971, na vyuo vyetu vya ufundi vingeweza kuunda treni nzima kwa gharama ndogo, na kila mwanafunzi wa useremala, uchomeleaji na historia akapata sehemu yake.

Mwanafunzi wangu amechagua mwaka 1985 na stesheni ya Voi. Amegundua kwamba vijitu vya sentimita mbili vinavyouzwa madukani vingi ni Wazungu waliovaa makoti ya baridi, kwa hiyo anavipaka rangi upya, na wengine anawavisha kanga kwa karatasi laini. Kwa hesabu yake anahitaji abiria wapatao 60 kwa behewa moja la daraja la tatu, wakati daraja la kwanza linamdai wasiozidi 20. Amelalamika kwamba kazi ni nyingi. Nimemjibu kwamba ndivyo inavyopaswa kuwa: walikuwa wengi. Madirisha hayatapakwa rangi nyeusi.